Nyuzi Nne Asubuhi, Nyuzi Nne Jioni

Machi 2

Daktari wetu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, ameniomba hasira zangu niwe naziandika badala ya kuwamwagia akina mama kwenye benchi. "Andika popote, Mama," amesema, "halafu uwatabasamie." Basi nimechukua daftari la mahudhurio lililobaki mwaka jana, nami naandika hapa hapa chumba cha chanjo, saa ya chakula, mlango nimeurudishia.

Hasira ya leo: mama mmoja amekuja bila kadi, mara ya tatu. Leo imeliwa na panya. Mara ya pili ilikuwa imelowa, na mara ya kwanza mume alisafiri nayo mfukoni. Nimemuuliza kama mume naye huwa anadungwa huko aendako. Benchi zima likacheka, yeye akalia, na ndipo Daktari akaniita pembeni. Nimempa mtoto chanjo yake na kadi mpya, sina roho mbaya kiasi hicho. Lakini miaka ishirini na sita nimedunga mapaja ya mji huu, wale niliowadunga sasa wananiletea watoto wao, na bado nadai karatasi kama askari wa mpakani. Wananiita Mama Kadi. Wanadhani sijui.

Mvua imeanza. Friji: 4 asubuhi, 4 jioni.

Machi 5

Mvua. Watoto kumi na tisa. Friji: 4, 4.

Machi 9

Leo nimecheka, niandike na hilo pia. Mshonaji, yule mwenye kibanda cha cherehani nyuma ya kituo, amemleta mwanawe kupimwa uzito. Mtoto ana miezi minne na nusu. Anakaa pajani kwa mama yake kama mtu anayesubiri kikao kianze, uso umekunjwa, hatabasamii mtu. Nimempa jina Waziri. Nilipomweka kwenye mizani akanitazama kana kwamba nimechelewesha faili lake.

Kadi ya Waziri ndiyo kadi. Imeshonewa mfuko wa kitambaa cha bluu wenye kifungo, haina kunjo, haina doa. Sindano zake zote tatu ziko humo na saini yangu. Nimeiinua juu mbele ya benchi nikasema, "Mnaona? Huyu ni mama." Mshonaji akaona haya. Sasa akina mama wengine wanamwagiza awashonee mifuko ya aina hiyo, na mimi nimemwambia akimaliza anishonee wa Chiriku, mjukuu wangu.

Friji: 4, 4.

Machi 11

Msimamizi wa chanjo wa wilaya amekuja, buti zimejaa matope. Kifaduro kimerudi. Ng'ambo ya mto kuna watoto thelathini na wanne, na wawili wamekufa.

Kifaduro nilikiona nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Mtoto anakohoa mfululizo hadi pumzi inakwisha, kisha anaivuta kwa mlio, kisha anatapika, kisha anaanza upya, wiki kwa wiki. Vichanga hawatoi hata huo mlio. Wananyamaza tu na kubadilika rangi. Nilidhani tulishakizika.

"Kimerudije?" nimemuuliza.

"Kwa njia nyingi, Sista. Wengine wanaogopa homa ya chanjo. Wengine wanahamahama wakifuata kazi, dozi ya pili haiwakuti. Na kituo chao kilikaa miezi miwili bila chanjo."

"Wazembe tu," nikasema. "Hapa kwangu hakipiti."

Maneno yangu ni hayo hayo, Mhudumu wetu wa usafi ni shahidi, alikuwa anapiga deki mlangoni.

Kisha msimamizi akasimama mbele ya friji, akaitazama karatasi ya joto niliyoibandika mlangoni. "Ama hii! Hakuna hata siku moja iliyorukwa. Nne, nne, nne." Akaipiga picha awaonyeshe wa vituo vingine. Alipoondoka nilivimba kichwa hadi Mhudumu akaniuliza kama nitaweza kupita mlangoni.

Friji: 4, 4.

Machi 16

Chiriku amemaliza sindano ya tatu! Binti yangu alitaka kumpeleka hospitali kubwa, eti kule kuna viyoyozi. Nikamwambia kama mwanao hadungwi na bibi yake, basi mimi nilisomea nini? Chiriku alilia kidogo, kisha akaendelea na hadithi zake. Huyo mtoto anaongea tangu ana miezi miwili, ila hakuna anayemwelewa. Nikajaza kadi, nikapiga saini, nikaiweka kwenye mfuko wake mpya wa njano.

Friji: 4, 4.

Machi 17

Mvua tangu alfajiri. Watoto wanane tu, wavivu wote wamelala. Friji: 4, 4.

Machi 19

Daktari yuko kwenye mkutano wa kifaduro wilayani. Nimewaona wagonjwa wa kikohozi mimi mwenyewe. Waziri naye ana mafua na kikohozi kidogo. Mama yake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, si ile ya ng'ambo?" Nikafungua mfuko wa bluu nikatazama kadi. "Huyu amekamilisha. Kifaduro kikimwona kitaomba radhi na kupita." Tukacheka wote wawili. Nimempa dawa ya maji na kumwambia amfunike vizuri.

Friji: 4, 4.

Machi 20

Mvua. Friji: 4, 4.

Machi 23

Kisa cha kwanza upande wetu wa mto. Ni mtoto wa yule mama wa panya. Nilimwambia Daktari, "Umeona?" Daktari akaendelea kumwandikia mtoto dawa. Friji: 4, 4.

Machi 24

Naandika haraka, kabla sijaanza kupamba.

Mshonaji ameingia saa nne asubuhi bila kupanga foleni, bila viatu, amelowa. Waziri alikuwa kifuani mwake ndani ya khanga, na kwanza nilidhani amelala. Nikafungua mdomo kumkemea kwa kuruka foleni. Nikauona uso wa mtoto. Ulikuwa wa rangi ya majivu, na midomo ya bluu.

Nikampokea, nikamlaza, nikamsugua mgongo. Akavuta pumzi. Kisha akaanza kukohoa, na kile kikohozi sikuhitaji mtu anielezee. Kimoja baada ya kingine, bila nafasi katikati, mwili mzima ukijikunja, macho yakimtoka, mpaka sauti ikaisha na mwili ukaendelea kukohoa bila sauti. Kisha kimya. Daktari akawa amefika na mpira wa hewa. Tukampa pumzi, akarudi. Akatutazama kwa ule uso wake wa kikao. Mara tatu alinyamaza na mara tatu tulimrudisha, kabla gari la wagonjwa halijafika.

Mshonaji alisimama ukutani akisema neno moja tu, "Lakini ana kadi. Lakini ana kadi." Aliitoa kwenye mfuko akatuonyesha, kama mtu aliyezuiwa getini.

"Ameanza lini?" Daktari akaniuliza.

"Zamani kidogo," nikasema.

Mshonaji akasema, "Tarehe kumi na tisa nilimleta. Sista akaniambia ni mafua."

Daktari hakunitazama. Alimtazama mtoto. Lakini nilisikia aibu imenipanda mpaka masikioni. Dawa ya kifaduro inafaa mwanzoni, kikohozi kikiwa bado kidogo. Siku tano nzima zimepita kwa sababu niliisoma kadi badala ya kumsikiliza mtoto.

Gari liliondoka saa tano na nusu. Mhudumu amepanda nao, ndiye aliyekuwa anabonyeza mpira wa hewa.

Friji: 4, 4.

Machi 26

Waziri amefariki saa kumi na mbili asubuhi, hospitali kubwa.

Machi 27

Majibu ya maabara yamekuja: ni kifaduro. Daktari amenikuta nimekaa kitako kwenye kiti cha watoto. "Mama, usijimalize. Hakuna chanjo inayokinga watoto wote. Katika mia, wachache hupita kwenye tundu." Nikashika maneno yake kwa mikono miwili. Wachache hupita kwenye tundu. Waziri alikuwa mmoja wao. Nikasimama, nikaanza kuosha vyombo.

Mhudumu alikuwa anafuta friji kwa nje. Mhudumu huongea akifanya kazi, mdomo wake haukai. Akasema, "Dada, na hii friji nayo mumwite fundi aitazame. Kila Jumatatu nakwangua barafu kwenye vile viboksi kwa mpini wa kijiko. Naona nitakuja kuvunja kichupa siku moja."

"Barafu gani?"

"Ya siku zote. Tangu umeme urudi."

Nikafungua friji. Nikatoa viboksi vya mbele, nikatoa vya nyuma. Kipimajoto kilikuwa kimeanguka nyuma kabisa, kimegandia ukutani, ikabidi nikivute. Kilisoma tatu chini ya sifuri.

Nataka kuandika hapa kama ilivyo, kwa sababu hapa hakuna wa kumtabasamia. Mwezi wa kumi, wakati wa mgao wa umeme, tulikuwa tunakatiwa kila siku kuanzia mchana hadi usiku. Nikazungusha kitufe cha friji hadi mwisho wa baridi, ili umeme ukikatika baridi ibaki. Sisi wote wa chumba cha chanjo tunaogopa joto. Tumefundishwa joto, tunaota joto. Kichupa kikipata baridi zaidi tunaona tumekipa heshima. Mgao ukaisha katikati ya mwezi wa kumi na moja. Kitufe sikukirudisha. Vichupa vya siku hunitolea Mhudumu alfajiri kabla sijafika, vinanifikia vimeshayeyuka. Na chanjo hii ikiganda imekufa, ikiyeyuka inabaki maji tu yanayouma. Hilo pia tumefundishwa. Nililijibu kwenye mtihani.

Na karatasi? Karatasi naijaza Ijumaa. Wiki nzima kwa mkupuo mmoja, nne, nne, nne, kwa kalamu mbili tofauti ili ionekane siku tofauti. Miaka nenda rudi ilikuwa nne kweli, kila nilipoangalia, mpaka nikaona kuangalia ni kupoteza muda. Nimerudi nyuma kusoma daftari hili. Hata humu ambamo hakuna anayenikagua nimeandika nne. Naandika saa saba mchana na nimeshaandika ya jioni.

Friji niliifungua saa tatu asubuhi. Saa sita nilikwenda msibani.

Cherehani ilisogezwa ukutani na kufunikwa shuka. Mshonaji alikaa chini katikati ya shangazi zake. Nilipiga magoti, nikamshika mkono, nikasema, "Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu."

Akanishika kwa nguvu. "Asante, Sista. Wewe ulifanya lako lote."

Wanawake wakaitikia. Nikanywa chai waliyonipa.

Machi 28

Nimefanya jaribio la kutikisa. Unachukua kichupa unachokijua kiliganda kikayeyuka, unakitikisa pamoja na kile unachokishuku, unaviweka mezani na kungoja nusu saa. Kilicho salama hubaki na rangi ya maziwa muda mrefu. Kilichoganda hujitenga haraka, vipande vyeupe vinashuka chini na maji yanabaki juu.

Nimetikisa vichupa sita vya akiba yetu. Nusu saa haikufika. Vyote sita vilishuka pamoja na kile kibovu, kama mapacha.

Nimerudisha kitufe katikati. Vichupa vyote nimevitia kwenye kasha la taka na kuandika "vimevunjika." Tangu katikati ya mwezi wa kumi na moja nimewadunga watoto mia mbili na kumi na wawili. Nimewahesabu kwenye rejista mara mbili. Wote wana kadi, wote wana saini yangu, na kifaduro kimeshavuka mto.

Namba mia mbili na tano ni Chiriku.

Machi 29

Mvua. Sikusema.

Machi 30

Sikusema. Daktari ameniuliza kama naumwa.

Machi 31

Shehena mpya imefika kutoka wilayani. Nimeipokea mwenyewe, nimetikisa kichupa kimoja kimoja, nimeweka kipimajoto mbele ya macho. Nyuzi 5. Wanaokuja kuanzia leo watapata chanjo ya kweli. Nimejiambia kwamba hilo ni jambo kubwa, kwamba kosa limekoma, kwamba nikifungua mdomo akina mama watakimbia na hawatarudi tena hata kwa chanjo nzima. Nimejiambia mengi. Ninajua kuongea.

Kisha jioni nimepita kwa binti yangu nikiwa na kiboksi cha baridi begani. Alikuwa bafuni. Nimemdunga Chiriku paja la kushoto. Vitabu vinataka wiki nne kati ya sindano na sindano. Sikungoja. Alilia, nikamziba mdomo kwa titi la mpira, na binti yangu alipotoka nikasema ameota ndoto mbaya.

Nimemkinga mmoja kati ya mia mbili na kumi na wawili, naye ni wangu. Najichukia.

Aprili 2

Mtoto wa pili mwenye kadi kamili amelazwa. Ni wa muuza mboga wa pale kona. Mtoto wa mama wa panya amepona. Alipewa dawa siku ya kwanza, kwa sababu hakuwa na kadi ya kumdanganya mtu. Friji: 5 asubuhi. Jioni 5, nimebaki makusudi kuangalia.

Aprili 3

Binti yangu amekuja kituoni saa ya chakula. Chiriku yuko mgongoni anahutubia. Akafunga mlango mwenyewe.

"Mama, paja la mtoto lina uvimbe mgumu."

"Sindano wakati mwingine hufanya hivyo."

"Sindano ya wiki mbili na nusu zilizopita ilikuwa paja la kulia. Huu uko kushoto, na ni wa juzi." Akaniangalia. Ana macho ya marehemu baba yake, hayapepesi. "Umemdunga nini mwanangu nikiwa bafuni?"

Nilijaribu uongo mmoja. Ulinifia mdomoni. Nikakaa kwenye kiti cha watoto nikamwambia yote, kitufe, barafu, Ijumaa, kalamu mbili. Nilidhani atapiga kelele. Alisikiliza huku akimpiga mtoto mgongoni polepole, kama mtu anayembembeleza alale, na Chiriku hakuwa na usingizi hata kidogo.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo huyu sasa ni mzima?"

"Ana mwanzo mzuri. Bado mbili."

"Na wengine?"

Nikainama kuokota pamba sakafuni.

"Mama. Na wengine?"

"Nitafukuzwa kazi. Wataniburuza. Akina mama watanitemea mate barabarani."

"Sijakuuliza hayo." Akafungua mlango. Benchi zima lilikuwa pale nje, akina mama kumi na wanne na watoto wao, mvua inapiga bati. "Angalia hapo. Niambie yupi kati yao nimchukie mwanawe kiasi cha kunyamaza nawe."

Alitoka. Amesema sindano mbili zilizobaki atampeleka hospitali kubwa.

Aprili 4

Nimemwambia Daktari saa mbili asubuhi, kabla sijavua koti la mvua. Nimempa rejista na kipimajoto, na karatasi ya nne nne nne niliibandua mlangoni nikamwekea mezani. Aligeuza kurasa za rejista hadi mwisho. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea, "Mimi niliipiga saini kila mwezi. Sikuwahi kufungua friji." Uso wake ulikuwa wa mtoto.

Akapiga simu wilayani mbele yangu. Msimamizi alipouliza mara tatu kama ana uhakika, Daktari alinipa simu. Nikasema, "Nina uhakika." Msimamizi akasema ile picha ya karatasi yangu aliituma kwenye vituo kumi na moja.

Nimesimamishwa kudunga hadi kamati ikae. Muuguzi mwingine ataletwa. Lakini mimi ndiye ninayezijua nyumba, kwa hiyo mimi ndiye nitakayepita kuwaita watoto. Daktari alisema ninaweza kukataa. Nikamwambia orodha inaanza na nani, na kwamba huyo hana mtoto wa kuitwa, lakini nitaanzia hapo.

Aprili 6

Siku mbili nimepita mbele ya kibanda cha Mshonaji bila kuingia. Leo nimeingia.

Ameshaanza kazi tena. Alikuwa anashona sare za shule, rundo la sketi limefika kiunoni. Aliniwekea kigoda. Nikakataa kukaa, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Nikamwambia nikiwa wima. Chanjo ya mtoto wako ilikuwa imekufa. Iliganda mikononi mwangu. Nilikuwa naandika joto bila kuangalia.

Mguu wake uliacha kukanyaga. Sindano ilisimama ndani ya kitambaa.

"Siku ile uliponiambia ni mafua," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Hapana. Wallahi sikujua."

"Na ulipokuja msibani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote, matusi, kofi, mumewe. Hili sikulifikiria. Ningeweza kusema hapana. Siku ile hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Mhudumu, naye hajui alichokijua.

"Nilikuwa nimejua," nikasema. "Tangu asubuhi ile."

Aliinamisha kichwa. Nilimwona anakumbuka. Nilimwona anafika pale aliponishika mkono na kusema asante. Kisha akarudisha mguu kwenye cherehani na kuendelea kushona, mshono ulionyooka, hadi mwisho wa sketi. Akakata uzi kwa meno. Hakuniambia niondoke na hakuniambia nikae. Nilisimama hadi nikachoka, nikaondoka.

Nimelia njiani, ndani ya mvua, kwa sauti.

Aprili 8

Nyumba kumi na saba. Matope hadi magotini.

Aprili 9

Nyumba ishirini na moja. Mama mmoja amenimwagia maji ya vyombo. Yalikuwa ya baridi, namshukuru.

Aprili 13

Muuza mboga amenifungia mlango. Mwanawe ametoka hospitali, anakohoa bado. "Mara ya kwanza mlinidanganya kwa sindano," akasema akiwa ndani, "mara ya pili mnataka kumdunga nini?" Nikamjibu kupitia mlangoni kwamba ana haki. Nikarudi mchana, akanifungia. Nimerudi jioni. Kesho nitarudi. Zamani ningemwita mzembe na kuandika jina lake kwa kalamu nyekundu. Sasa naona kwamba mimi ndiye niliyempa sababu, na ni sababu nzuri.

Yule mama wa panya ndiye aliyenipa kiti. Akapita nami nyumba sita za mtaa wake akiwaambia wenzake, "Huyu ana mdomo mchafu, lakini mlisikia wapi nesi akija kujishtaki mwenyewe?" Sikujitetea wala sikumsahihisha.

Aprili 17

Mtoto wa pili amefariki upande wetu. Hakuwa kwenye orodha yangu, alikuwa na wiki nne tu, bado hajafikia chanjo. Lakini aliambukizwa na binamu yake wa miezi sita wa nyumba hiyo hiyo, na huyo yuko kwenye orodha. Namba thelathini na nane.



Aprili 24

Mvua inapungua. Waliorudi: mia moja sitini na watatu. Waliohama bila kuacha anwani: kumi na tisa. Wengine wamenifungia milango.

Aprili 28

Muuza mboga amekuja. Hakunisalimia. Alimpa mtoto muuguzi mpya, akatazama sindano ikiingia na kutoka, akaondoka.

Aprili 29

Leo saa mbili kasoro Mshonaji alikuwa mlangoni pa chumba cha chanjo. Muuguzi mpya akamuuliza mtoto yuko wapi. Nikamvuta mkono muuguzi.

Mshonaji alikuwa na mfuko wa bluu mkononi. Aliuweka juu ya meza, ukiwa na kadi ndani, akasema, "Kiko wapi hicho kipimo?"

Nikafungua friji. Kipimajoto kiko mbele sasa, kimefungwa kwa uzi. Aliinama, akakisoma kwa muda, kidole kikifuata mistari kama anavyosoma futi yake ya kushonea.

"Saba," akasema.

Mimi ningesema sita na nusu. "Saba," nikasema.

"Ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri. Isifike nane. Na isishuke chini ya mbili."

"Andika."

Nikachukua karatasi. Akasimama nyuma yangu, pumzi yake ikinigusa shingo, hadi nilipomaliza kuandika saba. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu na kutia saini yake pembeni, jina lake lote, herufi kubwa kubwa. Aliacha mfuko mezani akaenda kazini.

Aprili 30

Saa mbili kasoro alikuwa mlangoni. Hatujasalimiana. Jioni saa kumi alirudi, vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni. 6, 6. Ametia saini mara mbili.

Mei 4

Jua. Barua ya kamati imekuja, nitaitwa Ijumaa. Binti yangu amenitumia salamu kwamba Chiriku amepata sindano nyingine leo na amemgombeza daktari wa hospitali kubwa kwa lugha yake. Hajasema niende kumwona. Sijauliza.

Mfuko wa bluu bado uko mezani. Muuguzi mpya alitaka kuuweka kabatini, nikamwambia auache hapo hapo, ambapo kila anayefungua friji atauona. Kama Ijumaa wataniondoa, nimemwomba ampishe Mshonaji mlangoni kila siku na asimuulize mtoto yuko wapi.

Naandika saa saba mchana. Friji: 5 asubuhi, amesoma yeye. Jioni bado haijafika.